Fundi simu wa Makoroboi: kazi safi, foleni ndo shida

Wadau wa Mwanza hasa wenye watoto wa sekondari, kuna kijana ana kibanda cha simu pale Makoroboi, jina sitaji maana sijamuomba ruhusa. Binti yangu yupo kidato cha pili, wenzake walichukua picha yake wakaitengenezea stika wakaandika "dagaa wa Kirumba" (ni mwembamba kweli, kanifuata mimi enzi hizo), basi kila akiandika kitu kwenye grupu anajibiwa na stika hiyo, akitoka wanafungua grupu jingine wanamwingiza tena, ikafika mahali simu ikiita anashtuka hata kama ni mimi nampigia.

Fundi kwanza alitaka kuniwekea ile programu ya kusoma meseji zote za mtoto. Nikagoma, mtoto ndo kwanza kaanza kunifungukia. Kule WhatsApp kwenye faragha unachagua nani aweze kukuingiza kwenye magrupu, mimi nilishaweka walioseviwa tu nikaona nimemaliza, kumbe wanaomsumbua wote kawasevu! Fundi akaweka walioseviwa isipokuwa wale watano wanaomsumbua, na picha ya profaili hivohivo. TikTok yake akaiunga na yangu, komenti sasa ni marafiki tu.

Ila aliponikosha ni kwenye skrinshoti. Binti alikuwa anafuta kila kitu kwa hasira. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu usifute, piga skrinshoti kwanza, alafu gusa jina namba yake ionekane upige tena," maana skrinshoti inayosema "Besti" tu anaikana yeyote. Ndo nilienda nazo Igoma kwa mama wa mmojawapo, akaanza "aah mama nanihii, watoto wanataniana tu", nikamtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 cha kunyanyasa mtu mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote, akanyamaza, akaomba miwani aangalie vizuri.

Mabaya sasa. Nimesubiri masaa mawili juani hata benchi hakuna, elfu tano bila risiti. Na stika zilizoshasambaa kwenye simu za watu hawezi kuzitoa, alinambia wazi. Akatupa 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, binti kapiga mwenyewe kajifungia chumbani, waliongea nini sijamuuliza.

Nampa 4 kati ya 5. Wahini kabla ya saa 3 asubuhi, na mbebe mwamvuli.