Fyuzi au sakiti breka kwa mashine za karakana?

Kwa bei, fyuzi inaanza mbele, na haina mitambo ya kuchakaa. Shida ni kwamba ikiungua lazima uwe na nyingine ya kiwango kilekile. Fundi mwenye haraka hufunga kipande cha waya wa shaba, msumeno unazunguka tena, na ulinzi ndio umekwisha. Breka unainyanyua tu, baada ya kutafuta kilichoiangusha.

Kwenye mota ya fezi tatu breka inashinda waziwazi. Fyuzi moja ikikatika, mota inabaki na fezi mbili: inavuma, inapata moto, hatimaye koili zinaungua. Breka ya fezi tatu hukata zote pamoja. Ila mota ikiwashwa huweza kuvuta umeme mara 6 hadi 8 ya kawaida, kwa hiyo breka ya aina B, inayokata mapema umeme ukipanda ghafla, itaanguka ovyo. Tafuta aina C au D, zinazovumilia zaidi mruko huo.

Shoti kubwa? Breka ndogo nyingi huweza kukata kwa usalama umeme wa shoti wa kiloampia (ampia elfu) 6 au 10, fyuzi za viwandani hufika 80. Karakana iliyo jirani na transfoma, ambako umeme wa shoti huwa mkubwa zaidi, ningeweka fyuzi kwenye njia kuu. Kwenye mashine mojamoja, breka.

Kukukinga wewe usipigwe na umeme ni kazi ya kifaa kingine, RCD, kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30.