Gereji ya shokapu za mbele pale Unga Limited: springi wanazijua, ila jipange na muda

Wadau wa pickup mlioko Arusha, kama shokapu za mbele zimekufa na hujui gari umpe nani, kuna gereji Unga Limited huko upande wa maghala, haina hata kibao, geti la bati la bluu, ndo nilikopeleka Toyota Hilux Vigo yangu na kiukweli kazi imefanyika. Bei imechangamka, kusubiri utasubiri, yote nitayasema, ila kwa upande wa springi peke yake nawapa tano kwa tano.

Kwa nini nang'ang'ania springi. Hilux nyingi za 4x4 za kabla ya Vigo mbele zilikuwa na tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi ya koili, fundi yeyote wa chini ya mti anafungua juu anafungua chini shokapu imetoka. Land Cruiser mkonga nayo, hata hizi zenye koili mbele tangu 1999, shokapu imekaa pembeni ya springi wala hazigusani. Sasa Vigo iliyoanza kutoka 2004 ni habari nyingine, shokapu imepita katikati ya springi, vyote vimefungwa pamoja na maunti pale juu, yaani kile kikalio kinachoshika kwenye bodi, kwa hiyo shokapu haitoki mpaka springi ibanwe kwanza, na springi yenyewe hata ukishaitoa kwenye gari ukaiweka chini bado imejikunja na nguvu zake zote. Kinachoizuia ni ile nati moja ya katikati. Uifungue bila kubana uone, maunti inaruka springi inafuata, ikikukuta usoni ndugu zako wanaanza kuchangishana.

Na mtaani mnajua hali ilivyo. Utakuta fundi kafunga springi kwa mnyororo na waya wa nondo, kaikalia, dogo anafungua nati, wanacheka. Wengine wana zile ndoano mbili za Kichina zenye skrubu ndefu, hizo mi sizikatai, kwa springi ya gari ndogo kama IST au Passo zinafanya kazi vizuri tu alimradi uzipake grisi, uzipange zitazamane, ukaze huku kidogo na huku kidogo, na impakti, ile bunduki ya kufungulia nati, usiiguse maana inakula nyuzi za skrubu. Ila springi ya Vigo ni nene, kwenye springi kama hiyo ndoano zinapenda kuteleza zikakusanyika upande mmoja, springi ikapinda kama ndizi, na hapo hata kuilegeza unaogopa.

Hawa wana mashine ya kusimama, imefungwa kwenye nguzo ya zege, inabana kwa jeki ya haidroliki na mbele ina wavu wa chuma. Nilisimama pale mwanzo mwisho maana mi gari langu siachi. Fundi mkuu ni mzee mmoja haongei sana. Kabla hajabana chochote alichukua brashi akavuta mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye maunti, ukapita kwenye springi mpaka kwenye sikio la chini la shokapu, kumbe ukifunga maunti imegeuka hata kidogo tu, zile bolti tatu za juu zikiingia kwenye matundu sikio la chini linakuwa linatazama kwingine, mtasukumana nalo mpaka jioni. Akabana taratibu mpaka springi ikawa inazungushika kwa mkono, ndo akafungua nati. Hamna mlio hamna nini, imetoka kama mfuniko wa chupa ya maji.

Wakati wa kurudishia nikamuuliza, "Fundi, si upige impakti tumalize?"

"Bosi, impakti inazungusha fimbo ya shokapu, sili ya mafuta inaumia hata geti hujatoka." Akaendelea na spana yake ya mkono.

Shokapu mpya za gesi zinakuja zimefungwa kamba, ukikata inajitanua yenyewe taratibu. Alizisimamisha wima akazipampu mara kadhaa hewa itoke kwenye mafuta, halafu kabla ya kuachia mashine akapitisha kidole na tochi pale chini kuhakikisha ncha ya springi imekaa kwenye ngazi yake, upande wa kushoto haikuwa imekaa akabana tena. Mwingine angeachia tu, baadaye ungeanza kusikia mlio wa tak ukikata kona unabaki kulaumu boljointi.

Kitu kingine kilichonifurahisha, habu hakuiacha ininginie kwenye paipu ya breki, aliifunga kwa waya kwenye chasisi. Na bolti ya chini ya shokapu aliishika tu kwanza, akashusha gari likakaa kwa tairi, akalitikisa, ndo akakaza mwisho. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki mpira wa bushi unakaa umejipinda muda wote, haumalizi hata msimu.

Spea njoo nazo mwenyewe, wao hawauzi, na nunua pea, usibadili upande mmoja gari likaenda linachechemea. Mi nilifunga KYB. Kuna mteja mwenzangu alikuja na pea kutoka duka moja la mjini, boksi zuri linang'aa, mzee akazibonyeza pale mezani, moja ikarudi, ya pili ikalala humohumo kama imechoka na safari. Akamwambia kazirudishe, sifungi. Angeweza kula hela yake ya ufundi akanyamaza, hapo ndo nilipomkubali kabisa.

Haya, mabaya sasa. Ufundi ni 70,000 pande zote mbili, chini ya mti utafanyiwa nusu ya hapo. Mashine iko moja, kwa hiyo mkikutana magari matatu wa mwisho ajue kapotea siku, na wakikuambia njoo saa mbili maana yake saa nne. Pa kukaa hamna, kuna benchi moja juani, afadhali mama ntilie wa nje geti ana mtori mzuri sana. Risiti usitegemee. Alaimenti, yaani kupima mkao wa tairi, pia hawana, na ukishagusa shokapu za mbele kwenye Vigo lazima upime maana gari linainuka kidogo na tairi zinaanza kulika upande, basi unatoka hapo unaenda kwingine kulipa tena.

Baada ya hapo nimeshapanda nayo Karatu nikapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro pale lami inapoishia, vile vimatuta vidogo vidogo vinavyofuatana ambavyo zamani vilikuwa vinanihamishia pua ya gari pembeni, sasa inapita imenyooka, na nikikanyaga breki na mzigo hainami tena kama inasujudu. Engaruka kwenda Engaresero sijaipeleka nikiwa na mzigo kamili, mawe ya kule ni mengine, mafuta ya shokapu yakichemka hata iwe mpya inalegea.

Ukienda nenda katikati ya wiki asubuhi, na hela ya ufundi uwe nayo mkononi, wanataka nusu kabla hawajapiga jeki. Jumamosi mchana mzee anaondoka, wanaobaki ni vijana tu, mi mashine ile ningesubiri aishike yeye.