Flutikasoni ya kupuliza puani: wiki sita na pua yangu

Mimi ni mtu wa chafya kumi na mbili mfululizo. Nyasi zikianza kutoa maua, macho yanawasha, kaakaa linawasha hadi nalikuna kwa ulimi, na usiku pua imeziba ndi. Kwa miaka nimeishi kwa setirizini, kidonge cha aleji cha miligramu 10 kila jioni, na sikisemi vibaya: saa moja haipiti, chafya zimepungua. Ila kwenye pua kuziba, kidonge kilikuwa kinanitazama tu.

Mfamasia ndiye aliyenifungua macho. Chavua ikitua kwenye pua ya mwenye aleji, inanaswa na kingamwili za IgE zilizokaa juu ya seli za masti, ambazo ni seli za kinga. Papo hapo seli hizo zinamwaga histamini, kemikali ambayo tayari zilikuwa nayo akibani, nayo inachokoza neva: chafya, muwasho, makamasi ya maji. Setirizini inaifungia histamini mlango. Lakini seli zilezile zinatengeneza pia kemikali nyingine, lukotrieni na prostaglandini, na hizo zina mkono mrefu katika kuvimbisha utando wa pua. Kisha, saa kadhaa baadaye, zinakuja seli nyingine za kinga, hasa eosinofili, na kemikali zao wenyewe. Yaani umepita kwenye majani asubuhi, pua inafungwa jioni, nawe unausingizia mto wa kulalia.

Flutikasoni ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Haikimbizani na kemikali moja. Inatuliza seli zinazozitengeneza zote, na zile zinazokuja baadaye, kama eosinofili, zinakuja chache. Ndiyo maana inakwenda polepole. Siku tatu za kwanza niliona nimeliwa. Ya tano nikaamka mdomo umefumba. Wiki mbili zilipotimia nilikuwa nalala usiku kucha, na ninayelala naye chumbani aliushangaa ule ukimya.

Makosa yalikuwa yangu. Nilielekeza chupa katikati, kwenye ukuta unaogawa pua, nikatokwa damu mara mbili. Inatakiwa ielekee nje, upande wa sikio. Sasa tundu la kushoto nalipulizia kwa mkono wa kulia, la kulia kwa wa kushoto, na damu sijaiona tena. Wala usivute kama mtu wa ugoro. Nilivuta, ikashuka kooni, chungu!

Tafadhali msiichanganye na zile za kuzibua pua papo hapo, kama zailometazolini. Zile zinabana mishipa ya damu, dakika chache unapumua kama mfalme, lakini ukizizidisha siku, pua inaziba kuliko mwanzo. Nimepita huko, sirudi.

Kasoro zipo. Chupa yangu ina mipulizo 120, nami napuliza miwili kila tundu, kwa hiyo siku thelathini imekwisha. Inataka kutumiwa kila siku hata ukijiona mzima, na mimi ni msahaulifu. Nimeiweka kando ya mswaki. Macho nayo yanapowasha sana bado namuomba radhi setirizini na kummeza.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya harufu: ndani mna kihifadhi kinachonukia waridi. Dawa ya mtu anayekimbia maua, inanukia ua.