Kidhibiti joto cha pipa la kupikia kimea: kipi kinafaa kununuliwa

Anayepika bia yake nyumbani anataka maji na kimea vikae kati ya nyuzi 64 na 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi, ili wanga ugeuke sukari. Joto likipanda sana, vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga, vinaharibika na hakuna namna ya kuvirudisha. Watengenezaji wa togwa wanalijua hilo tangu zamani: kimea hakitiwi kwenye uji unaotokota.

Madukani utaonyeshwa namba zinazowaka na vitufe vingi. Anza na ampea. Gawanya wati za hita kwa volti: hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta ampea 8.7; ya wati 3,000 inavuta 13, yaani mwisho kabisa wa uwezo wa plagi ya kawaida ya pini tatu za mraba.

Ninachokiweka cha kwanza ni kidhibiti kilichokamilika, chenye plagi na soketi zake, mfano Inkbird ITC-308. Hufungi waya wowote: unachomeka hita, unazamisha kihisio cha joto, unapanga joto. Kinabeba ampea 10, kwa hiyo usikipe hita inayozidi wati 2,000. Hita hiyo itapandisha lita 20 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 67 kwa zaidi kidogo ya nusu saa, na kwa mpishi wa nyumbani inatosha. Kipimo chake kinaishia nyuzi 99, basi wakati wa kuchemsha chomeka hita moja kwa moja ukutani na usiondoke hapo.

Cha pili ni STC-1000, kile kidogo cha kupachika kwenye boksi, lakini kiwe na kontakta (swichi kubwa inayoamriwa kwa umeme) ya ampea 25. Wengi wanapitisha umeme wote wa hita kwenye rilei yake ya ndani, yaani swichi ndogo ya aina hiyo hiyo, kwa sababu imeandikwa ampea 10. Sikubaliani nao. Rilei ndogo ikibebeshwa karibu na kikomo chake kila siku, vidole vyake vinavyogusana kupitisha umeme huungua na vinaweza kugandana. Acha kifaa kiamuru kontakta, nayo ndiyo ibebe mzigo. Kabla ya kulipa soma kibandiko cha nyuma, kwa kuwa kuna za volti 12, 24, 110 na 220, na kwa sura zinafanana.

PID (kidhibiti kinachopunguza nguvu ya hita kadiri joto linavyokaribia lengo) pamoja na SSR (rilei ya kielektroniki isiyo na vidole) naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayosifiwa zaidi. Inashika joto vizuri sana, ila ina mitego. REX-C100, ambayo ni PID mojawapo, inauzwa kwa aina mbili, moja ya rilei na nyingine ya kuendesha SSR. Ya pili ina herufi V kwenye namba yake, na ukikosea SSR haitawaka. SSR yenyewe hutoa joto la takriban wati moja kwa kila ampea, hivyo bila bati nene la kupoza itaungua. Zipo pia SSR za bandia zilizoandikwa ampea 40 ambazo hazifiki hata nusu. Kibaya zaidi, SSR ikifa mara nyingi hubaki imewasha, kwa hiyo lazima pawe na swichi ya kukata hita kabisa.

Pipa la chai lenye kitufe cha kuzungusha ni la mwisho. Joto lake linapanda na kushuka nyuzi kadhaa; linafaa kuchemshia tu.

Chochote utakachochagua, mwombe fundi umeme aunge waya wa ardhi kwenye pipa la chuma lenyewe, atumie waya wa milimita 2.5 za mraba, na mbele aweke kikata umeme kilichoandikwa RCD au RCCB cha miliampea 30. Maji, chuma na umeme viko pamoja hapa, na kifaa hicho kinaokoa maisha.

Kihisio kijaribu kwenye maji yenye barafu nyingi iliyopondwa. Kinapaswa kusoma karibu na sifuri. Kikining'inia nje ya pipa, kidhibiti kitadhani maji ni baridi na hita haitazimika. Umeme wa mtaani ukishuka hadi volti 200, hita ya wati 2,000 itatoa kama 1,500 tu, kwa hiyo kuchelewa kuchemka si dalili kwamba kifaa ni kibovu. Na umeme ukikatika, chomoa plagi: ukirudi wakati pipa limeshamiminwa, hita itawaka kavu.