Taa ya sola ya nguzo ya geti haiwaki? Usiitupe kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Hii niliyoshika ndo ile taa ya sola ya kukaa juu ya nguzo ya geti, nilifunga mbili hapa nyumbani Kigamboni, sasa hii ya kulia ina mwaka na miezi kama miwili, juzijuzi giza limeingia mwenzake kawaka yeye kimya. Wengi hapo ndo wanakimbilia kununua nyingine, na kwa kweli roho inaniuma maana nyingi zinazotupwa zinatengenezeka.

Kwanza jaribu hivi, mchana kweupe, washa swichi iko huku chini halafu funika paneli na kitambaa kizito usiache hata upenyo. Taa nyingi za hivi hazina sensa ya pembeni, paneli yenyewe ikikosa mwanga ndo inaamrisha taa iwake. Ikiwaka ulipofunika basi nzima hiyo, tafuta mwanga unaoipiga usiku. Kuna mama jirani yangu kahangaika wiki nzima, kumbe alifunga taa ya umeme ukutani inamulika paneli moja kwa moja, ile ya sola inajua bado mchana! Tukaigeuza ya ukutani itazame chini, ikawaka palepale.

Yangu nilifunika, wapi. Nikapanda ngazi nakuta paneli imejaa vumbi na kinyesi cha ndege, halafu mwembe wa jirani umetanuka tangu nifunge, saa saba tu kivuli kimeshafika. Nikafungua skrubu nne nikapima betri na mita, volti 1.4, na imeandikwa 3.2. Paneli imeandikwa volti 5, nikaifuta, jua la saa sita ikanipa 5.7, haina shida. Yaani betri haikufa kwa uzee jamani, njaa ndo imeiua, kila siku inakunywa kidogo usiku inamaliza yote. Na kwenye plagi yake kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo, nikasugua na msasa taratibu.

Sasa hapa sikilizeni vizuri: betri ya 3.2 na ya 3.7 zinafanana sura lakini saketi zake za kuchaji ni tofauti. Ya 3.7 ukiiweka kwenye taa ya 3.2 haijai, na ya 3.2 ukiiweka kwenye saketi ya 3.7 inajazwa kupita kiasi, hiyo ni hatari. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Na iliyokufa usiichome kwenye takataka, tafadhali.

Taa yenyewe mwanga wake naupenda, unaona mpaka tundu la kufuli. Ninachoilalamikia ni mpira wa kuzuia maji, mwembamba, umeshakauka, ndani nimekuta matone, ikabidi nizungushie silikoni. Ila hizi skrubu na plagi ya betri naisifu sana, maana kuna zingine zimepigwa gundi pande zote, fundi hana pa kuingilia, hizo mimi sinunui hata ukinipunguzia. Kabla hujalipa igeuze uangalie chini.

Betri mpya nimeweka juzi, leo alfajiri natoka kwenda kazini nimeikuta bado inawaka. Mwembe nimeshaongea na mzee, Jumamosi tunapunguza matawi.