Msumeno wa kukatia kuni: upi ununue, upi uuache dukani

Mwezi wa sita ukiingia, Njombe na Makete kuna asubuhi ambazo umande unaganda juu ya nyasi. Kila mwenye kashamba ka milingoti au miwati anatazama rundo lake la kuni na kupiga hesabu. Hapo ndipo swali huanza kuzunguka: ninunue chenso ipi, yaani msumeno upi wa injini?

Anayeuliza mara nyingi ameshapewa jibu na mpasua mbao wa kijijini kwake. Nunua kubwa, ameambiwa. Ndogo itakufia mikononi. Mpasua mbao hasemi uongo, ila anazungumzia kazi yake. Yeye anachana gogo kwa urefu, na injini inalia kwa nguvu zote dakika nyingi bila kupumua. Kwa kazi hiyo Stihl MS 070, mashine ya kampuni ya Kijerumani, yenye zaidi ya cc 100 na zaidi ya kilo 10 kabla hujaifunga kitu, ni chombo chake hasa. Kuni ni kazi nyingine. Mkata kuni anakata mkato mfupi, anainuka, anasogea hatua moja, anainama tena. Gogo la mita 6 ukilitoa vipande vya nusu mita ni mikato 11. Magogo 30 ni mikato 330, na katika kila mkato mashine iko mikononi mwako, haijalala juu ya gogo kama ya mpasua mbao. Ndiyo maana mimi naanza na uzito, kisha ndiyo naulizia nguvu.

Kwa mtu anayekata kuni za nyumbani na kubakiza mzigo wa kuuza, au anayepeleka kuni shuleni, kipimo kinachofaa ni injini ya cc 45 hadi 55, uzito usiozidi kilo 6 bila bamba, na bamba la inchi 16 au 18. Bamba ni kile chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka pembeni yake. La inchi 16 ni sentimita 40, na milingoti mingi ya kuni haifiki unene huo. Gogo likizidi, unakata upande mmoja halafu unahamia wa pili. Bamba la inchi 22 kwenye injini ya cc 50 linaonekana la kiume pale dukani, lakini injini inavuta meno mengi zaidi, wewe unanoa meno mengi zaidi, na ncha inakaa mbali na macho yako, inagusa udongo au gogo la nyuma bila wewe kujua. Ncha ikigusa gogo kwa pembe ya juu, msumeno unaruka kurudi usoni kwako haraka kuliko mkono unavyoweza kuuzuia. Nimewahi kurukiwa hivyo mara moja, na breki ya mnyororo ndiyo iliyoniokoa. Tangu siku hiyo sikati na bamba refu kuliko gogo linavyohitaji.

Ya kwanza: Stihl MS 271 au Husqvarna 450

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zina cc 50.2 na zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa shamba. MS 271 ina kilowati 2.6 na kilo 5.6, Husqvarna 450 ina nguvu pungufu kidogo, kilowati 2.4, na ni nyepesi kidogo pia. Injini zote mbili zinaingiza hewa safi kwanza kusukuma moshi nje kabla ya mchanganyiko wa petroli kuingia, kwa hiyo mafuta machache zaidi yanapotea kupitia ekzosi. Zote zinatenga sehemu kubwa ya vumbi kabla halijafika kwenye chujio la hewa, na kwa anayekata mlingoti mkavu mwezi wa tisa hilo si jambo dogo. Mishikio imetenganishwa na injini kwa springi, na utaliona hilo jioni utakaposhika kikombe cha chai bila vidole kutetemeka.

Ipi kati ya hizo mbili? Ile ambayo wakala wake yuko karibu nawe. Kabla hujalipa, nenda kaulizie vitu vinne: mnyororo, pistoni na ringi zake, kamba ya kuwashia, na pampu ya oili. Duka likikujibu kwamba vitaagizwa Dar es Salaam, hesabu siku ambazo msumeno utakaa chini ukisubiri basi, halafu uamue.

Ya pili: Stihl MS 250

Hii ni ya zamani kidogo kwa umbo, na mafundi wengi wanaifahamu. Ina cc 45.4, kilowati 2.3 na kilo 4.6 tu. Kilo moja pungufu ya MS 271 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kufikia mkato wa 200 si ndogo tena. Kwa nyumba moja, kwa matawi na magogo yasiyozidi sentimita 30, ningeichukua hii bila kusita. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Chujio lake la hewa linajaa mapema, lazima ulisafishe kila siku ya kazi. Na ukiipa mlingoti mzee uliokauka mwaka mzima, inachoka, na wewe unaanza kuilazimisha kwa kuikandamiza. Ukiona unakandamiza, mashine ni ndogo kwa gogo hilo au mnyororo umeshakuwa butu.

Ya tatu: kubwa iliyotumika

Stihl MS 381 na ndugu zake wa cc 72 hupatikana mitumba kwa wapasua mbao wanaobadilisha zana. Ni chuma cha kweli, kilowati 3.9. Lakini ni kilo 6.6 kabla ya bamba, mnyororo na matangi kujaa, na historia yake huijui. Ukiamua kuinunua, mwombe muuzaji afungue ekzosi mbele yako. Kupitia tundu hilo unaiona pistoni. Ikiwa laini na ina mng'ao sawasawa, endelea na mazungumzo. Ikiwa na michirizi ya kusimama, injini imeshawahi kunoki au iko njiani. Kisha ishikilie mashine kwa kamba ya kuwashia, iache ininginie. Ikishuka polepole kwa kusitasita, kompresheni ipo. Ikianguka chini kwa mkupuo, rudisha.

Ya nne: za Kichina za 5200 na 5800

Siwadharau wanaozinunua. Kwa bei ya moja ya Kijerumani unapata mbili au tatu hizi, spea zake zimejaa kila mahali, na kabureta nzima inabadilishwa kwa hela ambayo upande wa pili isingetosha kulipa fundi. Kwa mtu anayekata kuni wiki mbili tu kwa mwaka ni hesabu inayoeleweka.

Ila usisome namba ya kwenye kava kama kipimo. "5800" haimaanishi cc 58. Silinda yenye kipenyo cha milimita 45.2 na mwendo wa pistoni wa milimita 34 inatoa cc 54.6, na mashine za vipimo kama hivyo huuzwa zikiwa na 58 ubavuni. Muulize muuzaji vipimo, au vitafute kwenye kijitabu. Ukishafika nayo nyumbani, kaza kila skrubu kabla ya kuiwasha, na uzikaze tena baada ya tangi la kwanza na la pili, kwa sababu hulegea. Nunua kabisa mnyororo mzuri wa akiba, kwa kuwa ule unaokuja ndani ya boksi mara nyingi ndio sehemu dhaifu kuliko zote.

MS 170 na MS 180, za cc 30 na kitu, ziache kwa mwenye bustani. MS 070 niliyoitaja mwanzo iache kwa mpasua mbao. Za betri ni kimya na hazina moshi, lakini shambani kwako hakuna pa kuchajia.

Feki

Hili linaniuma, kwa sababu wanaoumia ni watu waliojinyima muda mrefu. Rangi ya chungwa na nyeupe haifanyi msumeno kuwa Stihl. Mashine halisi ya kampuni hiyo ina namba ya pekee yenye tarakimu tisa iliyogongwa kwenye mwili wake, inauzwa kupitia mawakala, na haipatikani kwa nusu ya bei pembeni mwa stendi. Tazama herufi zilivyochorwa, tazama kingo za plastiki kama zina makovu ya kalibu, kisha dai risiti yenye namba ya mashine. Muuzaji anayekataa kuandika namba hiyo ameshakujibu.

Mnyororo na tupa

Nimeona watu wakibishana saa nzima kuhusu injini, halafu wanakata kwa mnyororo uliokufa. Msumeno wa cc 45 wenye makali unauacha nyuma wa cc 72 ulio butu, na hilo unaweza kulijaribu mwenyewe. Angalia kinachotoka: vipande vya mti kama makapi ya mahindi ni dalili ya makali, unga laini ni dalili kwamba unasugua.

Minyororo ina vipimo vitatu ambavyo lazima vilingane na mashine yako: hatua ya mnyororo (nusu ya umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana), unene wa meno ya chini yanayoingia kwenye mfereji wa bamba, na idadi ya meno hayo. Viandike ndani ya kifuniko cha daftari lako. Misumeno ya ukubwa huu mara nyingi hutumia hatua ya inchi 0.325, na tupa yake ya duara ni ya milimita 4.8. Ukikuta ya 3/8, tupa ni milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Nyoosha tupa kwa pembe ya nyuzi 30, piga idadi ileile kila jino, na usukume kwenda mbele tu. Kila baada ya kunoa mara kadhaa, teremsha kile kijino kifupi kilicho mbele ya kila jino la kukata kiwe chini kwa milimita 0.65. Watu wengi hukisahau, kisha wanashangaa jino lina makali na haliingii kwenye mti.

Kwa kuni zilizoburuzwa chini zikabeba mchanga, omba mnyororo wenye meno ya kona ya mviringo. Unakata taratibu kidogo kuliko wa kona kali, lakini makali yake yanadumu.

Petroli, oili na mwinuko wetu

Oili ya 2T, ile inayochanganywa na petroli, haipimwi kwa macho. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwenye dumu la lita 5. Kwa 25 kwa 1 ni mara mbili ya hapo. Ufuate uwiano ulioandikwa kwenye kijitabu cha mashine yako, na usichanganye zaidi ya utakachotumia mwezi huo.

Oili ya mnyororo nayo ina tangi lake; kila ukijaza petroli, ijaze na hiyo. Tafadhali usitie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina chembe za chuma zinazokula pampu na bamba, na inarushwa juu ya ngozi yako na ya udongo unaolima viazi. Hata oili mpya nzito ya injini ni afadhali mara kumi.

Na kuna jambo ambalo duka la Kariakoo halitakuambia. Msumeno uliosetiwa usawa wa bahari ukiupandisha Njombe, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi na petroli inakuwa nyingi kupita kiasi. Utatoa moshi, utachafua plagi, utaonekana dhaifu. Mashine haijaharibika. Fundi mzoefu anaikaza kidogo skrubu ya kabureta yenye herufi H. Ukishuka nayo Ifakara au pwani, lazima ailegeze tena. Ukiiacha hivyo, injini itakosa petroli na oili ya kutosha, itaungua.

Kwenye bajeti yako tenga kabisa pesa ya kofia yenye wavu wa uso na viziba masikio, buti ngumu, na suruali au kinga ya mapaja yenye nyuzi zinazokwamisha mnyororo. Ikiwa pesa haitoshi vyote, shuka ngazi moja kwenye mashine, usishuke kwenye kinga. Kuhusu vibali, pita ofisi ya kijiji na ya misitu kabla ya kuingia na msumeno mahali pasipo shamba lako. Kukutwa nao ndani ya hifadhi bila kibali ni kesi, hata kama hujagusa mti.

Siku ya kununua, usikubali boksi lililofungwa. Msumeno uunganishwe mbele yako, utiwe mafuta, uwashwe. Acha injini itulie: mnyororo usizunguke wenyewe. Sukuma kinga ya mkono wa mbele: mnyororo usimame papo hapo. Mwisho, elekeza ncha ya bamba juu ya kipande cha boksi, bila kukigusa, uvute mafuta kwa sekunde chache. Mstari mwembamba wa oili lazima uonekane kwenye kadibodi. Usipoonekana, omba mashine nyingine kabla hujafungua pochi.