Nimeinunua kwa Sababu ya Flashi Tu: Canon IXUS 285 HS

Mambo vipi familia, karibuni tena. Leo sianzi na salamu ndefu, naanza na picha mbili. Tazama hii ya kwanza. Haya. Sasa tazama hii. Feni ni lile lile, chumba kile kile, taa nimezima, pazia nimeshusha. Ya kwanza nimepiga kwa simu yangu, na wote mnajua ile simu nilivyoihangaikia, zaidi ya milioni imeniondoka. Feni limekuwa sahani ya ukungu. Ya pili nimepiga kwa haka kadude hapa mkononi, kamera iliyotoka 2016. Hesabu mapanga ya feni. Moja, mbili, tatu. Mpaka vumbi lililoganda kwenye panga unaliona, na mama akiiona hii video leo nitafua mpaka mapazia.

Hii ni Canon IXUS 285 HS. Yangu, ukisogeza hapa dogo, sogeza, imeandikwa IXY 650, maana hilo ndilo jina lake la Japani. Marekani wanaiita PowerShot ELPH 360 HS. Majina matatu, mzigo mmoja. Nayataja yote kwa sababu ukizunguka Kariakoo unaweza kukutana na lolote kati ya hayo, halafu mtu akuambie hii ya jina hili ni daraja la juu, ongeza elfu sabini. Usiongeze hata mia. Ukiipata ya Japani ikiwa imekaa Kijapani, mwambie muuzaji akubadilishie lugha hapo hapo kabla hujatoa hela, na chaja yake ina miguu miwili bapa, kwa hiyo andaa adapta.

Megapikseli 20, zumu mara 12, video ya 1080, gramu 147 na betri yake. Haya mnayajua, tusonge.

Kuna jambo linanikera lakini, niliseme kabla halijanipanda kichwani. Nimefika pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kijana ananionyesha kamera, ananiambia, "Kaka, hii ni CCD hii, ndiyo zile wanazozitafuta watoto wa mjini." Nikamwangalia. Nikamwambia mdogo wangu, kwenye lile jina lake la IXUS kuna herufi HS, na hizo Canon anaweka kwenye kamera zake zenye sensa ya CMOS. Sensa nasema kile kidude cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, si ile ya watu na makazi, na CCD na CMOS ni aina mbili tofauti, CCD ndiyo ya zamani. Akacheka, akasema basi kaka nakupunguzia elfu ishirini. Kwa hiyo ujuzi una bei yake. CCD zipo, Sony W830 kwa mfano ni CCD kweli, na kuna watu wanaapa kwamba rangi zake ni tamu kuliko maisha yenyewe. Mimi msimamo wangu huu hapa, na kama utanikasirikia, kasirika ukiwa umeshajiunga na chaneli: ule mwonekano wa zamani mnaoupenda, uso unang'aa, nyuma giza, jasho linameta, macho yako hai, tisa kwa kumi si CCD. Ni flashi.

Njoo hapa. Dogo, zima taa tena. Washa feni namba tatu.

Simu tunasema ina flashi, lakini ile ni tochi jamani. Ni taa ya LED inawaka, inabaki imewaka, na simu inakusanya mwanga taratibu. Wakati inakusanya, feni linazunguka, mtoto anaruka, bibi harusi anageuka. Ndiyo maana zinatoka zile picha za mtu mwenye mikono minne. Humu ndani ya hii kamera kuna mrija mdogo wa kioo wenye gesi ya zenoni. Betri inajaza kitu kinaitwa kapasita, pole pole, kama pampu inavyojaza simtanki juu ya paa. Ukibonyeza, chukulia lile simtanki limepasuka. Maji yote chini kwa mpigo mmoja. Mwanga unawaka na kuzima ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa muda huo panga la feni halijafika popote. Chumba ni giza, kwa hiyo kabla ya ule mwako na baada yake hakuna cha kuandikwa kwenye picha. Kinachoandikwa ni ule mwako peke yake.

Sikia... paa! Umeona? Ngoja nirudie. Haikubali, inajaza tanki. Hii ndiyo tabia yake, inakuweka kidogo, usipige kelele, subiri. Paa! Haya, hiyo nayo imesimama. Dogo pita mbele ya feni ukitikisa hiyo kanga. Tikisa kama umeambiwa chakula kimeiva. Paa! Angalia pindo la kanga, angalia mpaka maandishi yake yanasomeka. Nafuta kauli, nusu yanasomeka, nusu amelala nayo dogo tangu asubuhi.

Onyo moja hapa na sitanii. Ikiharibika, usiifungue mwenyewe na bisibisi ya simu. Ile kapasita inabeba kama volti 300, soketi yako ya ukutani ni 230, na inaweza kubaki na chaji hata betri ukiwa umeshaitoa. Mpelekee fundi wa kamera.

Sasa, Jumamosi nilikwenda nayo kwenye sendofu ya binti wa mama mdogo, Sinza. Mnajua kumbi zetu: taa za bluu, taa za pinki, moshi, MC hanyamazi. Simu pale inapiga picha ya rangi ya zambarau tu, watu wote wanafanana na biringanya. Mimi nikawasha flashi, nikajipenyeza mbele wakati mashangazi wanaingia na zawadi. Kuna shangazi yangu mmoja, mkubwa kabisa wa ukoo, karuka juu na jagi la zawadi, sijui miguu kaitoa wapi. Nimemdaka angani. Viatu vyote viwili havijagusa chini, kilemba kinataka kuondoka, mdomo wazi, kigelegele unakisikia kwenye picha. Nikampelekea aone. Ananiambia, "We mtoto, mbona nimenenepa hivi?" Nikamwambia shangazi, kamera haijui kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema futa. Nimeitikia ndiyo shangazi. Sijafuta. Shikamoo shangazi kama unaangalia.

Na hilo la kunenepa ni jambo la kweli kidogo, si utani. Simu nyingi siku hizi zinakurembesha hata hujaomba, zinakulainisha ngozi, zinakung'arisha rangi kidogo ya kwako. Hii haina habari hiyo. Weusi wetu inautoa mweusi, na ukiwa umepaka poda ya rangi isiyo yako, flashi inatangaza ukumbi mzima.

Lakini picha ya familia nzima ilinitoa jasho. Safu ya mbele wamewaka kama wamemulikwa na lori, safu ya nyuma wamezama. Nikaona aibu, kwa sababu mimi ndiye nimejitapa wiki nzima. Nikarudi nyumbani kufanya jaribio, nawaonyesha. Hapa dogo kakaa mita 1 kutoka kwenye kamera, jirani yetu, asante jirani, kasimama mita 2, na ule mlango uko mita 3. Wote kwenye picha moja. Dogo anawaka. Jirani kapata robo ya mwanga aliopata dogo, si nusu, robo. Mlango umepata sehemu moja ya tisa, umebaki komeo tu. Mwanga wa flashi haupungui kwa ustaarabu. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unagawanywa kwa nne, ukizidi mara tatu, kwa tisa.

Kwa hiyo wapange watu mstari mmoja, au upinde, kila mtu awe mbali na wewe sawa sawa, na wewe rudi nyuma hatua mbili. Ukirudi nyuma, tofauti ya wa mbele na wa nyuma inakuwa ndogo. Usirudi sana pia, hii ni flashi ndogo, ikipita mita 4 imechoka. Na usivute zumu ukidhani unasaidia, ukivuta, lenzi inapokea mwanga pungufu na flashi haifiki mbali. Acha zumu, tembea kwa miguu.

Na jasho. Hili jiji bwana, Januari unaoga, unavaa, ukifika getini umelowa tena. Flashi inapenda jasho kuliko inavyokupenda wewe. Chukua tishu, tenga tabaka moja tu, funika flashi na kidole pembeni hivi. Paa! Tofautisha na ile ya kwanza. Paji la uso limetulia, kivuli nyuma ya sikio kimelainika. Umepoteza mwanga kiasi, sogea karibu.

Halafu kuna kitu kinaitwa sloo sinkro. Kiko kwenye vitufe vya flashi, watu wengi hawakigusi. Flashi inawaka, lakini kamera inaacha mlango wazi kwa muda zaidi ili nyuma nako kuingie. Nilikwenda Magomeni usiku, dogo kasimama pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, mimi nimeegemea nguzo nimebana pumzi. Mwendokasi inapita nyuma yake. Dogo katoka safi, kakata kama mkasi, na basi limekuwa mistari ya taa nyuma yake. Mwendokasi yenyewe ilianza 2016, mwaka mmoja na hii kamera, na usiniulize kipi kati yao kimezeeka vizuri zaidi.

Mchana? Mchana chukua simu yako. Sifichi. Nimepiga Coco Beach saa saba, anga limetoka jeupe kama shuka la hospitali, uso wa mtu giza. Simu inachanganya picha kadhaa na kukupa zote mbili, anga na uso. Hii haiwezi. Mchana ina zumu tu, na zumu yake ni ya lenzi kweli, si ile ya kukuza na kuharibu. Nimekaa upande wa Kigamboni nikavuta pantoni likiwa katikati ya maji, naona mpaka mtu anayekula muhogo kwenye reli. Jua liwe kali lakini, maana mwisho wa zumu lenzi inakuwa finyu, f 7, yaani tundu la kupitisha mwanga limebaki dogo. Na upande ule wa Magogoni Ikulu iko jirani, usije ukaanza kuzungusha zumu huku na huku halafu ukasema mimi ndiye nimekufundisha.

Betri, Canon wanasema picha kama 180. Ukiwa mtu wa flashi kama mimi usiamini hata hizo. Na haichajiwi kwa waya wa simu, unatoa betri unaiweka kwenye chaja yake ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika saa kumi jioni na harusi ni saa moja, pole. Nunua betri ya pili. Kutuma picha nitasifu, nilitegemea nitalia. Kuna kitufe cha simu hapa, unawasha, kamera inatengeneza mtandao wake wenyewe, unafungua programu ya Camera Connect kwenye simu, picha zinahama bila kula bando. Pale ukumbini nilikuwa nimezungukwa na mabinamu, nitumie na mimi, nitumie na mimi, utadhani nagawa ubwabwa.

Jambo la chaneli haraka haraka. Video sasa zitatoka Jumamosi badala ya Jumatano, kwa sababu Jumatano dogo ana masomo na bila dogo mimi ni sauti tu. Na wale mnaouliza habari za maikrofoni, hii nimeazima, sitaji mwenyewe asije akaidai.

Bei. Hapa ndipo naudhika. Ilipotoka 2016, Marekani ilikuwa kama dola 210. Watu wakaitupa, tukahamia kwenye simu. Vijana wakaanza kuzitafuta tena, na 2025 Canon akairudisha dukani, jina limeongezwa herufi A mwishoni, kadi imekuwa ile ndogo ya simu, na bei ikapanda mpaka kama dola 380. Miaka tisa baadaye, lenzi ile ile! Yangu ni ya mtumba, nimetoa laki tatu na ishirini, na mwanzoni nilikuwa nimejiandaa kuja hapa kuwaambia msinunue, ni wizi, chukueni Kodak FZ55 mpya mpate na boksi. Bado nasema kwa laki tano ya mtumba mtu asikuchezee. Lakini tangu Jumamosi ile ya shangazi, kila nikitoka naikuta mfukoni mwenyewe sijui nimeiweka saa ngapi.

Ukienda kununua, nenda na kadi yako ya memori na uombe kuijaribu. Piga ukuta mweupe utafute madoa. Toa zumu mpaka mwisho, irudishe, sikiliza kama inakwaruza. Halafu omba wazime taa ya duka uwashe flashi mara tano mfululizo, na uhesabu inajaza kwa sekunde ngapi. Wakikataa kuzima taa, toka, maduka yako mengi.

Jumamosi ijayo nimeahidiwa W830, ile ya CCD ya kweli. Nitaziweka hizi mbili pamoja, flashi kwa flashi, mezani hapa hapa. Feni silifuti vumbi mpaka tumalize. Dogo, washa taa.